Uwanja wa gofu wa Oakmont kwa mchezaji wa kiwango (handicap) cha 12

Umeuliza ubebe mkakati gani, kwa kuwa mwanachama wa klabu ya gofu ya Oakmont, Pennsylvania, Marekani, amekualika. Jibu langu: kacheze kwa ajili ya grini (eneo la nyasi fupi sana lenye kishimo cha bendera), si kwa umbali. Grini za hapo ndizo zilizomsukuma Edward Stimpson kubuni kifaa cha kupimia kasi ya grini baada ya mashindano ya US Open ya 1935.

Shimo la 1 ndilo linaloumbua wengi mapema. Njia yake ya nyasi (fairway) inateremka, na grini yenyewe inainamia nyuma, inakukimbia. Ukitua juu yake mpira unapitiliza. Utue kabla ya grini, upande wa kulia, uuache ubingirike wenyewe. Shimo la 10 nalo lina tabia hiyohiyo.

Kati ya shimo la 3 na la 4 kuna lile banka (shimo la mchanga) kubwa lenye matuta ya nyasi. Ukiingia, sahau bendera: chukua weji (fimbo ya kuinua mpira), utoke kwa pembeni hadi kwenye njia. Anayelazimisha kwenda mbele hugonga tuta na mpira hurudi mchangani.

La 8 ni par 3 (la kumalizwa kwa mapigo matatu), ila kwenye kadi ya US Open ya 2025 lilikuwa yadi 289! Kushoto kuna banka refu liitwalo Sahara, kwa hiyo lenga kulia, mbele ya grini.

Kila mara bakiza mpira upande wa chini wa mteremko kutoka kwenye kishimo. Ukiwa upande wa juu, gusa mpira kidogo tu. Na msikilize kedi, msaidizi anayekubebea fimbo. Mteremko usiouona yeye anaujua.