Kwa nini Hubble iwekwe angani wakati Mikindani kuna giza la kutosha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza kidato cha sita, sasa namsaidia baba kazi ya uvuvi hapa Mikindani, Mtwara. Msimu wa kusi, usiku usio na mbalamwezi, nyota huku zinajaa mpaka upeo wa bahari. Kwa nini darubini ya Hubble irushwe angani kwa gharama kubwa, isijengwe mahali penye giza kama huku? Baba naye anauliza: umbali wa Kilimia, kile kikundi cha nyota, unajulikana kweli au watu wanakisia? Na ule mwanga unaopita juu kimyakimya baada ya magharibi, ndiyo Hubble?

JIBU: Marahaba mwanangu, na baba msalimie sana.

Giza mnalo, na ni neema ambayo wakazi wa Dar es Salaam wameshaikosa. Ila kinachoisumbua darubini kubwa zaidi ya taa ni hewa. Ukiinama kwenye ngalawa penye maji haba ukatazama kombe lililotulia mchangani, utaliona linachezacheza, kumbe yanayocheza ni maji. Hewa nayo, joto na baridi vikichanganyika, huipinda nuru ya nyota huku na huku, ndiyo maana nyota zinametameta. Darubini ikikuza picha, inakuza na mtetemo huo. Nanyi mko usawa wa bahari, hewa yote na unyevu wake viko juu yenu. Wanaojenga darubini ardhini hupanda milimani, kama Paranal kule Chile, mita 2,600 hivi, au Sutherland, Afrika Kusini. Siku hizi baadhi yake zina vioo vinavyojirekebisha mara nyingi kwa sekunde ili kuufuta mtetemo, na zinafanya kazi nzuri sana.

Lakini hakuna kioo kinachoweza kuinasa nuru ambayo haikufika ardhini. Ozoni inazuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno (ultraviolet), na nyota changa zenye joto kali hutoa nuru yao nyingi katika mionzi hiyo hiyo. Kuipata ni lazima utoke nje ya hewa. Lyman Spitzer, mwanafalaki wa Marekani, alilieleza hilo mwaka 1946, hata setilaiti ya kwanza ilikuwa bado. Wengi hudhani Hubble ilipelekwa juu ili izikaribie nyota. Sivyo kabisa, kimo chake cha kilomita 500 hivi si chochote mbele ya umbali wa nyota.

Swali la baba ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu Kilimia kiliwahi kuleta ubishi mkubwa. Dunia inapolizunguka Jua, nyota iliyo karibu huonekana imesogea kidogo mbele ya zile za mbali. Ukiupima msogeo huo, umbali unaupata kwa hesabu za pembetatu ulizosoma shuleni. Ugumu ni udogo wa pembe yenyewe: igawe nyuzi moja mara 3,600, kisha kila kipande ukigawe mara 1,000. Pembe ya Kilimia ni kama vipande 7 tu vya hivyo! Mwaka 1997 vipimo vya Hipparcos, setilaiti ya Ulaya, vilitoa umbali wa kama miaka ya nuru 390 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Wanasayansi wakashtuka, maana ni karibu kuliko walivyotarajia, na kama ni kweli, basi nyota za Kilimia ni hafifu kuliko nadharia inavyotaka, na nadharia hiyo ndiyo tunayoitegemea kuzielewa nyota changa kila mahali. Hubble ikatumia vihisi vyake vya kulenga, ikapima upya nyota chache za Kilimia. Jibu lililotoka mwaka 2005 ni kama miaka ya nuru 440. Baadaye Gaia, setilaiti nyingine ya Ulaya iliyorushwa 2013, ikakubaliana nalo. Kwa hiyo mwambie baba hatukisii, na nuru ya Kilimia anayoiona leo iliondoka huko zama za Wareno katika pwani hii.

Sasa huo mwanga. Inawezekana ni Hubble. Njia yake haivuki nyuzi 28.5 kaskazini wala kusini mwa ikweta, na Mtwara, kwenye nyuzi 10 kusini, mko ndani. Huzunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, na huonekana tu jioni au kabla ya alfajiri, wakati kwenu ni giza lakini yenyewe bado inapigwa na jua. Ukiona mwanga unapepesa au una wekundu, hiyo ni ndege. Ukienda moja kwa moja kaskazini–kusini, ni setilaiti nyingine, kwani Hubble hutoka upande wa magharibi kwenda mashariki. Tena vyombo vinavyopita ni vingi, na kituo cha kimataifa cha anga kinang'aa kuliko Hubble. Kwa uhakika, tafuta mtandaoni ratiba ya kupita kwa setilaiti, weka nyuzi 10.3 kusini na 40.1 mashariki, uchague jioni ambayo Hubble itapanda juu sana, usije ukaitafuta nyuma ya minazi.