Usitoe hela kabla hujaandikiwa saa ya kufika langoni (Chichén Itzá kutokea Cancún)

Dada, usilipe. Kama umeshalipa, shuka sasa hivi mapokezini ukadai hela yako, kisha urudi usome haya.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mleta mada yuko Cancún, Meksiko, na mama yake na watoto wawili, keshokutwa wanataka kwenda Chichén Itzá. Jamaa wa meza ya matembezi hapo hotelini kamwambia dola 45 kwa kichwa, siku nzima: magofu ya Wamaya, kuogelea kwenye cenote (shimo la asili lenye maji), mji wa Valladolid, na chakula cha mchana humohumo. Anauliza kama bei ni nzuri, mama asiyejua kuogelea afanyeje huko kwenye cenote, abadilishe hela kiasi gani, na ajihadhari na chakula gani. Nimesoma mara mbili damu ikanichemka, maana maneno ya huyo jamaa ndiyo niliyoambiwa mimi, neno kwa neno, mpaka hiyo 45.

Mwaka 2023 mzee wangu alikuja Houston kunitembelea akitokea Muheza. Baba ni mtu wa mkonge. Amekata mkonge, amefanya kazi kwenye korona, ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge kupata nyuzi, mpaka leo viganja vyake ukivishika unajua. Na tangu tukiwa wadogo alikuwa akituambia kwamba mkonge si wa kwetu, umevuka bahari. Ni kweli: miche aliyoileta yule Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893 ilitoka Florida, na Florida ilikuwa imepelekwa kutoka Yucatán, hukohuko Meksiko. Hata jina la sisal ni la bandari ndogo ya hukohuko Yucatán, inaitwa Sisal. Basi nikasema kabla mzee hajarudi, nimpeleke akaone unakotoka ule mmea uliotusomesha. (Viza ya Marekani alikuwa nayo, kwa hiyo Meksiko aliingia bila kuomba viza nyingine.)

Nikaenda kwa jamaa wa mezani. Nikamweleza yote, baba kasimama pembeni, kofia mkononi. Jamaa akamtazama mzee, akatabasamu, akasema hamna shida, njiani kuna hacienda, yaani shamba kubwa la zamani, la henequen, mtasimama, mzee atashika kwa mikono yake. Henequen ni ndugu wa mkonge, ndiyo iliyowatajirisha matajiri wa Yucatán kabla ya nyuzi za plastiki. Nikalipa palepale, na kumshukuru juu.

Sasa chukua ramani. Mashamba ya henequen yako kuzunguka Mérida. Mérida iko upande wa pili wa Chichén Itzá, kilomita kama 120 mbele. Basi linalotakiwa kurudi Cancún usiku uleule haliwezi kufika huko hata likipaa. Yule bwana alijua. Kazi yake ni hiyo kila siku ya Mungu, anajua kila kona ya ile barabara. Bei ya kuongeza ningemsamehe, biashara ni biashara. Kumtazama mzee wa watu usoni na kumuuzia shamba ambalo halipo njiani, hilo sijalimeza hadi leo.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Tulichukuliwa hotelini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tukafurahi, tukajua tutawahi. Kumbe gari lile ni la kukusanya watu tu. Likazunguka hoteli baada ya hoteli, likatumwaga kwenye kituo fulani tusubiri basi kubwa, tukaondoka saa mbili na nusu. Saa tano tukasimamishwa kwenye duka. Wakaliita "kijiji cha Wamaya". Mlangoni wanakubandika stika ya rangi ili mwongozaji apate chake ukinunua, halafu unaonyeshwa vinyago vya jiwe jeusi, mikufu ya fedha, vikombe vidogo vya tequila. Lisaa limoja. Kutoka hapo cenote na chakula, foleni kwenye ngazi, foleni kwenye sahani.

Kwenye basi mwongozaji akachukua maiki akatangaza kwamba kiingilio cha magofu hakimo kwenye bei, kila mtu atoe, taslimu. Kiingilio kina mafungu mawili, la INAH ambayo ni taasisi ya serikali kuu inayosimamia magofu, na la jimbo la Yucatán, na kwa mgeni jumla yake mwaka ule ilipita peso 600. Piga hesabu, ilikuwa kama dola 35 juu ya zile 45. Ukitaka kulipa kwa dola, kiwango cha kubadilisha anakipanga mwongozaji kichwani mwake. Watu walinung'unika, lakini uko katikati ya msitu, unashukia wapi?

Tulifika langoni saa saba mchana. Saa saba! Jua limesimama utosini, uwanja wote mweupe kwa chokaa, mabasi yamejaa maegesho yote, na kwenye vijia wauza vinyago wamejipanga kushoto na kulia wakipuliza zile filimbi zinazonguruma kama chui. Ya kwanza ilimshtua baba akanishika mkono, halafu akacheka, akasema huyu angetufaa kule shambani kufukuza nguruwe pori. Ndicho kicheko pekee nilichokiona siku ile.

Mwongozaji akaongea dakika arobaini, nusu yake chini ya mti, akatupa dakika thelathini "za uhuru". Piramidi ya Kukulcán, lile jengo kubwa la Chichén Itzá, ina pande nne, kila upande ngazi 91, ukijumlisha na jukwaa la juu unapata 365, siku za mwaka. Kupanda hairuhusiwi siku hizi, unatazama kwa chini. Baba hakutaka kuambiwa, alitaka kuhesabu mwenyewe. Akasimama mbele yake, mkono mmoja kajikinga jua, mwingine kanyoosha kidole, anahesabu kimyakimya, midomo inacheza. Amefika hamsini na kitu, bendera ya kijani ya mwongozaji ikapepea. Twende, twende, basi linaondoka. Akajaribu kuendelea huku anatembea kinyumenyume. Hesabu ikampotea. Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, na tulipofika Valladolid, ambako tulipewa dakika ishirini za kulitazama kanisa la San Servacio na kwenda msalani, akaniuliza, "Zile ngazi zilikuwa ngapi, mwanangu?"

Nikamuuliza mwongozaji, na lile shamba la mkonge je? Akanitazama kama nimeuliza habari za mwezini. Hata hakuwa ameambiwa.

Sasa sikiliza hapa, dada, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niache kazi zangu nikuandikie. Kabla hujatoa hata senti, muulize jamaa maswali mawili: tunafika langoni mwa Chichén Itzá saa ngapi, na tunakaa ndani muda gani? Langoni, siyo kuondoka hotelini. Kuondoka mapema hakuna maana yoyote, mimi niliondoka saa kumi na mbili na nusu. Majibu ayaandike kwenye risiti, kwa mkono wake, aweke na sahihi. Akisema "inategemea foleni", ondoka. Akisema "asubuhi asubuhi", ondoka. Aandike namba. Wasafirishaji wanaofika mapema wanaijua saa yao na wanajivunia, hawana cha kuficha. Wanaokupitisha dukani kwanza ndio wanaokwambia usijali.

Na aandike ni saa za wapi! Cancún iko jimbo la Quintana Roo, Chichén Itzá iko jimbo la Yucatán, na Yucatán iko nyuma kwa saa moja. Simu yako itajibadilisha njiani, saa ya mkononi ya mama haitajibadilisha, na dereva anafuata saa za Cancún kwa sababu ndiko analala. Kwenye basi letu Wabrazili wawili walichelewa hadi wakatafutwa kwa sababu hiyo tu, na zile dakika za kuwasubiri zikakatwa kwenye Valladolid yetu. Halafu angalia faida yake: lango linafunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Yucatán, yaani saa tatu za Cancún. Ni kilomita kama 200, saa mbili na nusu za barabara. Lile gari lililotuchukua saa kumi na mbili na nusu lingenyoosha moja kwa moja, tungefika wakati lango ndiyo linafunguliwa. Mzee angehesabu ngazi zote tisini na moja kabla jua halijawa kali. Walichukua masaa matano, tangu lango kufunguliwa hadi tulipofika, wakayageuza kuwa vinyago na tequila, hapo ndipo ilipo ile "bei rahisi". Na kama jamaa atakuongezea punguzo ukikubali kwenda "kifungua kinywa" cha hoteli fulani, kataa, huko wanakukalisha asubuhi nzima wakuuzie wiki za kulala hotelini maisha yako yote.

Mimi nilirudi mwaka uliofuata, peke yangu. Nililala Valladolid, kutoka hapo Chichén Itzá ni kama kilomita 45. Saa mbili kasoro nilikuwa mlangoni. Mle ndani kulikuwa na ndege na wafagiaji, wauza filimbi ndiyo kwanza wanafungua mabegi. Nikachukua mwongozaji mwenye kitambulisho palepale langoni, mzee wa Kimaya anayejua kazi yake. Akanisimamisha mbele ya ngazi akaniambia piga kofi. Nikapiga. Ile sauti inayorudi siyo ya kofi, ni mlio mkali unaoteremka, kama ndege analia. Wanasema ni ndege aitwaye quetzal. Mchana saa saba, katikati ya umati ule, kofi lako hulisikii hata wewe mwenyewe. Nikazihesabu ngazi kwa sauti nikimrekodia baba, tisini na moja, dakika mbili hazikufika.

Cenote, kwa haraka: kwa kawaida wanatoa jaketi la kuelea, mama avae tu akae ukingoni. Kinachomsumbua mtu mzima ni ngazi. Ik Kil, ambayo mabasi mengi yanasimama, maji yako kama mita 26 chini ya ardhi, mnashuka na mnapanda kwa miguu, na mawe yana utelezi. Kama magoti yake si mazuri abaki juu, kutokea juu ndiyo unaona vizuri mizizi inavyoning'inia hadi majini. Chakula: ile nyama nyekundu laini watakayowasifia, cochinita pibil, ni kitimoto. Inafungwa kwenye majani ya mgomba, na wekundu wake ni achiote, ile mbegu ambayo Zanzibar kwenye mashamba ya viungo wanaiita zingifuri na kuwapaka wageni midomoni. Kama mama hali nguruwe, aulize pia kuhusu maharage, mara nyingi yanapikwa na mafuta yake, manteca.

Kutoka Chichén Itzá nikaendelea hadi upande wa Mérida, kwenye hacienda moja karibu na Tecoh ambako bado wanakata na kusindika henequen, na wageni wanapandishwa kwenye vitoroli vinavyovutwa na nyumbu juu ya reli. Nikapiga video ya mtambo unavyokwangua jani, nyuzi zinatoka mbichi, za kijani, zinachuruzika maji. Nikamtumia mzee. Ikapita kama nusu saa, likaja jibu la sauti. Hakusema asante wala nini. Alisema, "Huo una meno pembeni. Wetu hauna. Waulize wanakataje bila kujichana." Na ni kweli, henequen ina miiba kwenye kingo za jani, mkonge wa Tanga unakuchoma kwa ncha tu. Nilikuwa nimesimama pale saa nzima sijaona, yeye kaona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Huyo ndiye mtu aliyepewa dakika thelathini.

Dada, shuka mezani sasa hivi ukaulize yale mawili. Karatasi atakayokuandikia ipige picha uiweke hapa, tuisome pamoja kabla hujafungua pochi. Niko macho mpaka saa sita usiku.