Mbolea yangu imeingia kisimani?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Nalima nyanya na kabichi hapa Usa River, nyanya naziwekea urea kila wiki mbili ndo zikimbie, na samadi ya ng'ombe tunailundika karibu na kisima maana banda liko hapohapo. Kisima chenyewe si kirefu. Bwana shamba kapita kasema naitreti, hiyo inayotokana na mbolea, imezidi shambani itashuka hadi kwenye maji, ni kweli? Nina mjukuu wa miezi 3, mama yake karudi kazini kwenye maua, mtoto anakorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo ila tunayachemsha sana. (Bibi wa Usa River)

JIBU: Shikamoo bibi. Naanza na mjukuu maana huyo hawezi kusubiri. Kuchemsha kunaua vijidudu, naitreti haiondoki, tena maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki humohumo sufuriani inazidi kuwa kali. Kuanzia leo mkorogee kwa maji ya chupa, nayo myachemshe kwanza kidogo, mpaka kisima kipimwe, na mama yake akiweza kukamua maziwa yake akaacha nyumbani hiyo ni bora kuliko kopo lolote. Shirika la Afya Duniani linasema naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, ikizidi hapo damu ya kichanga inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Mkiona midomo au kucha zinageuka bluu, hospitali saa hiyohiyo jamani.

Bwana shamba kasema kweli. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, bakteria wa udongoni wanaigeuza naitreti, na naitreti haing'ang'anii udongo, inakwenda na maji, kwa hiyo ile ambayo nyanya haijala, mvua za masika zinaisukuma chini kwenye kisima. Huku Arusha tumezoea kuyajua maji mabaya kwa meno ya watoto kuwa ya kahawia, ile ni floraidi inatoka kwenye miamba, hii naitreti haina rangi wala ladha na inatoka kwenye mikono yetu wenyewe.

Hiyo urea ya kila wiki mbili punguza bibi, nyanya ikishiba naitrojeni inakupa majani mengi matunda machache, na samadi nayo ni mbolea ihesabu. Weka kidogokidogo mmea unapokua, na ukiona mvua kubwa inakuja acha kabisa. Lundo la samadi lihamie upande wa chini wa mteremko mbali na kisima, mlifunike turubai. Ukishavuna kabichi usiliache shamba wazi masika yakiingia, panda mahindi, mizizi yake inafika chini kuliko ya kabichi inanyonya iliyobaki.

Maji peleka maabara ya maji, waambie wapime naitreti na floraidi kwa pamoja, halafu urudie masika yakiisha, maana iliyokwisha kushuka inaweza kukaa huko chini miaka hata kama urea umeacha leo.