Mfuko wa Shangazi: Nani amekata riba yangu nusu?

Tangu Agosti 12, 2025, siku Benki Kuu ya Kenya ilipoteremsha tena riba yake, safari hii hadi asilimia 9.5, barua zimenijia kama mvua ya masika. Nimechagua nne. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa nyuma ya kaunta ya benki mjini Mombasa miaka 26, sasa niko Bamburi na kuku wangu na kidaftari changu. Sina leseni ya kumwambia mtu anunue nini. Nina kumbukumbu, na makosa yangu mwenyewe, ambayo nitayataja. Na wale wasomaji wangu wasiogusa riba kwa sababu ya dini, nawaomba radhi mwezi huu. Barua zenu ninazo na zamu yenu yaja.

*Bi Shangazi, Februari 2024 nilichukua shilingi laki nne za kiinua mgongo changu nikanunua hati za serikali za siku 91. Faida ilikuwa asilimia 16 na nusu kwa mwaka. Zikiiva nazirudisha palepale. Kila nikirudisha, faida imepungua, na juzi nimepewa asilimia 8. Pesa ni ileile, serikali ni ileile. Nani amekata riba yangu nusu?*
Mwalimu mstaafu, Kilifi

Shikamoo mwalimu, maana kwa miaka uliyoitaja kwenye barua umenizidi.

Hesabu yako nimeirudia mezani. Laki nne kwa asilimia 16 na nusu, siku 91: karibu shilingi 16,500. Serikali ikishakata kodi yake ya zuio ya asilimia 15, mkononi zabaki kama 14,000. Leo, kwa asilimia 8, mkononi ni kama 6,800. Una haki ya kushtuka.

Lakini hakuna aliyekuibia. Ukinunua hati umeikopesha serikali, na faida ndiyo bei ya mkopo huo. Ile asilimia 16 na nusu ilikuwa bei ya woga, na aliyekuwa na woga ni serikali.

Turudi nyuma kidogo. Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilikuwa na riba karibu na sufuri. Bei za vitu zikawapanda kichwani kule, wakaanza kupandisha riba, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Sasa mwenye dola zake New York, ikiwa serikali yake mwenyewe inamlipa asilimia 5 naye amelala, aje Kenya kutafuta nini? Wakaondoa pesa zao, au wakadai malipo makubwa ndipo wazilete. Na sisi tulikuwa na deni la dola bilioni 2, ile Eurobond ya 2014, linalotakiwa kulipwa lote Juni 2024. Kila mtu sokoni alijua tarehe hiyo. Dola iliyokuwa shilingi 113 hivi mwanzo wa 2022 ikafika 160 Januari 2024. Mafuta kwa dola, ngano kwa dola, dawa kwa dola. Benki Kuu yetu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 6, 2024. Serikali inayotafuta pesa kwa udi na uvumba haibishani bei na mwalimu wa Kilifi. Ilikulipa ulichotaka.

Wiki iliyofuata, Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine ng'ambo, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, ili kulipa sehemu ya lile deni la zamani kabla ya siku yake. Ghali, naam, lakini woga ulikatika pale. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi 130 na kitu. Agosti Benki Kuu ikaanza kuteremsha riba, Septemba Wamarekani nao wakaanza, na hati zako zikafuata mteremko huohuo mpaka hapo ulipo.

Nami nimewahi kuona bei ya woga iliyopita hiyo. Mwaka 1993, nikiwa karani mgeni, hati za siku 91 zilivuka asilimia 70. Wateja walikuja na pesa kwenye mifuko ya plastiki. Kulikuwa na mzee mmoja wa Old Town aliyekuwa akihesabu faida yake kwa sauti pale kaunta, tunamsikia wote, mpaka kijana mmoja kwenye foleni akamuuliza kilo ya sukari ilikuwa pesa ngapi mwaka jana na leo ni ngapi. Mzee akanyamaza. Mfumuko wa bei mwaka ule ulipita asilimia 40.

Kwa hiyo nawe pima faida kwa bei za vitu. Januari 2024 mfumuko ulikuwa asilimia 6.9, Julai 2025 ulikuwa 4.1. Kwa hesabu hiyo, baada ya kodi ulikuwa unapata kama pointi saba juu ya bei za sokoni. Sasa zimebaki kama mbili na nusu. Umepungukiwa kweli, sitakudanganya, ila si nusu ya maisha.

Kosa lako, ukiniruhusu, ni jingine. Hati ya siku 91 ni ahadi ya siku 91. Ulipopewa asilimia 16 na nusu ukaichukua kama mshahara. Wenzako waliotaka kuifunga bei ile kwa miaka walinunua bondi, yaani mkopo wa miaka kwa serikali, ile ya miundombinu ya Februari 2024: miaka minane na nusu, asilimia 18.46, bila kodi. Serikali iliomba bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya 288, ikachukua karibu 241. Wale mpaka leo wanalipwa kwa bei ya woga uleule ulioisha.

Na kabla hujaanza kujilaumu: mimi sikununua. Nilikuwa nimekaa barazani, simu mkononi, akaunti imefunguliwa, pesa ipo. Nikasema moyoni, subiri mwezi ujao, itafika 20. Miaka 26 benki, na nikabahatisha kama mtu anayetupa karata. Haikufika 20. Mume wangu akitaka kunikasirisha hunikumbusha.

Tangu siku hiyo kidaftari changu hakina ukurasa wa "riba itakwenda wapi". Kina tarehe za mahitaji tu. Januari, ada ya mjukuu. Juni, bima ya gari. 2027, paa. Pesa ya Januari iko kwenye siku 91, ya mwaka ujao iko kwenye siku 364, ya paa iko kwenye bondi inayoiva kabla ya paa. Fanya hivyo na laki nne zako. Zile ambazo kwa kweli huzihitaji miaka mitano, hazina kazi kwenye siku 91.

*Shangazi shikamoo. Mwaka 2021 nilinunua bondi ya miaka kumi, milioni moja, asilimia 12 na nusu. Mwanzo wa 2024 mwanangu akapata chuo, nikataka kuiuza nilipe karo. Wakala akaniambia nitapata laki nane na ishirini. Nikamuuliza, hizo laki na themanini zimeenda wapi na serikali haijashindwa kulipa? Akanijibu kwa maneno ya Kizungu. Niliuza. Mpaka leo roho yaniuma.*
Mama mwenye duka la vitambaa, Kongowea

Marahaba mwanangu, na pole.

Wewe wauza vitambaa, basi nitakueleza kwa vitambaa. Una doti ya leso uliyoinunua ukitegemea kuiuza 800. Asubuhi hiyo jirani yako wa kibanda cha pili kapokea leso zilezile, rangi nzuri zaidi, kwa bei ileile. Mteja atakayechukua yako ni yule utakayempunguzia. Bondi yako ilikuwa ikilipa shilingi 12 na nusu kwa kila mia. Mwanzo wa 2024 serikali ilikuwa inatoa mpya zinazolipa 16, 17. Nani atakupa mia nzima kwa ya 12 na nusu? Atakupa 82, ili zile anazookoa leo pamoja na riba ya miaka iliyobaki zimfikishe sawa na aliyenunua mpya. Riba mpya zikipanda, bei ya bondi ya zamani hushuka, zikishuka, hupanda. Na ikiwa imebakiwa na miaka mingi, hushuka zaidi.

Wakala hakukudanganya, ingawa angeweza kukueleza kwa lugha ya mama yako.

Kama itakutuliza, jambo hilohilo liliangusha benki nzima Marekani. Silicon Valley Bank ilikuwa imeweka pesa za wateja kwenye bondi za muda mrefu wakati riba ziko chini. Riba zilipopanda, bondi zikashuka bei. Hilo peke yake lisingewaua; wangesubiri ziive wakalipwa zote. Lakini wateja walitaka pesa zao, kama mwanao alivyotaka karo. Machi 2023 wakauza bondi za dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8, habari zikatoka, na siku ya pili wateja wakaomba kutoa bilioni 42 kwa siku moja. Ijumaa benki ikafungwa. Walikuwa na wasomi wa hesabu ghorofa nzima, na walifanya ulichofanya wewe.

Ungeishikilia, leo bei ingekuwa imerudi karibu na mia, kwa kuwa riba zimeshuka. Nakwambia hivyo kwa ajili ya wengine wanaosoma, si kukutonesha. Pia, kabla ya kuuza kwa hasara, mtu anaweza kuipeleka bondi benki iwe dhamana ya mkopo. Mikopo wakati ule ilikuwa ghali, kwa hiyo usidhani ungetoka bure. Lakini kama karo ya mwaka mmoja ni laki mbili, hakuna haja ya kuuza milioni.

*Habari Shangazi. Niko Doha mwaka wa sita, nafanya kazi ya ulinzi. Januari 2024 riyali elfu moja ilinipa shilingi elfu 44 nyumbani. Jamaa wakaniambia dola inakwenda 200, usitume, weka. Nikaweka. Sasa elfu moja inanipa elfu 35 na nusu. Nasikia Marekani watapunguza riba tena. Nisubiri au nitume? Nataka kujenga Voi.*
Mlinzi, Doha

Salama mwanangu. Wengi wenu huko mliwekeana ushauri huo huo chumba kwa chumba, naujua, maana wapwa zangu wawili nao waliuamini.

Riyali ya Qatar imefungwa kwenye dola: dola moja ni riyali 3.64, siku zote. Ukiweka riyali umeweka dola, na bwana mkubwa wako ni Benki Kuu ya Marekani, hata kama hujawahi kuiona Washington. Riba ya kule ikishuka, mara nyingi dola hulegea. Lakini "mara nyingi" si tarehe. Tangu katikati ya 2024 hadi Agosti 2025 shilingi yetu ilikaa kwenye 129, haitikisiki, na sitakwambia itakaa hapo mpaka lini.

Nikuulize mimi: fundi wa Voi utamlipa kwa nini? Simenti, mchanga, mawe, mafundi, vyote kwa shilingi. Basi mahitaji yako ni ya shilingi, na kila riyali unayoishikilia ni ubashiri, upende usipende. Tuma kila mwezi kiasi kilekile, siku ileile mshahara unapoingia. Mwezi mwingine utapata vibaya, mwingine vizuri. Zile ulizolimbikiza, zigawe kwa miezi sita. Usitume zote kwa mkupuo mmoja kwa sababu umesoma ukurasa wangu.

Na ardhi ya Voi, kaka yako asiinunue kwa picha ya simu. Hilo halihusiani na benki kuu lakini nimeshindwa kunyamaza.

*Sasa Shangazi. Kuna msee hapa stejini ana app, anasema wanatumia riba za Marekani zikipanda zikishuka, unapata asilimia 3 kwa siku. Ameshatuonyesha kwenye simu yake pesa zikiongezeka. Niweke elfu kumi?*
Dereva wa boda, Malindi

Poa kijana. Nimechukua kikokotoo. Elfu kumi kwa asilimia 3 kila siku, faida ikirudishwa ndani, kwa mwaka mmoja ni zaidi ya shilingi milioni 480. Kwa pesa hizo yeye mwenyewe hangekuwa stejini akitafuta elfu kumi yako. Serikali ya Kenya, ilipobanwa kabisa na dola ikiwa 160, ililipa asilimia 18 kwa mwaka.

Mfanyie hivi. Mwambie utamkopesha yeye hiyo elfu kumi, akulipe asilimia 1 tu kwa siku, zile mbili zibaki zake. Akuachie kitabu cha pikipiki yake kama dhamana, na mwenyekiti wa steji aandike. Akikubali, niandikie.