Re: Msomi wa siasa anaweza kuongoza chuo kikuu?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyesomea sayansi ya siasa anafaa kuongoza chuo kikuu, au kazi hiyo ni ya wahandisi na madaktari. Mtazame Profesa Rwekaza Mukandala, msomi wa sayansi ya siasa. Alipokea uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2006 kutoka kwa Profesa Matthew Luhanga, aliyekuwa mhandisi kweli, akakiongoza hadi 2017.

Lakini ninachokithamini zaidi ni alichofanya kabla ya kukalia kiti hicho. Baada ya kusoma Berkeley, Marekani, alirudi Mlimani, yaani chuo hichohicho cha Dar es Salaam, kufundisha, akawa nguzo ya REDET, mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia ulioanza wakati nchi inaingia mfumo wa vyama vingi. Akaongoza pia TEMCO, kamati ya waangalizi wa uchaguzi. Ukishazoea kuketi na wagombea wasioelewana, naamini hata kikao kirefu cha seneti ya chuo hakikutishi.

Enzi zake ndipo zilipojengwa hosteli za wanafunzi 3,840, zilizofunguliwa Aprili 2017, na ujenzi wa maktaba mpya kwa msaada wa China ukaanza.

Na fani yake hakuiacha. Aliongoza kikosi kazi cha demokrasia ya vyama vingi kilichomkabidhi Rais Samia ripoti Oktoba 2022. Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa likaondolewa.

Kwa hiyo usibadilishe kozi kwa hofu hiyo. Soma, andika tafiti zako, na ukipewa uratibu wa idara usiukatae.