Muulize Fundi: Jicho la mara tano na betri ya mwaka 2020

*Fundi, habari za kazi. Mimi napiga picha na video za sherehe hapa Tanga: ndoa, kicheni pati, sendofu. Natumia Samsung Galaxy S23 Ultra niliyoinunua mpya. Mwenye duka ananiambia nimwachie hiyo na kuongeza pesa, anipe S25 Ultra. Anasema kamera, betri na kasi ni mbingu na ardhi. Nina advansi za maharusi wawili wa mwezi ujao mkononi na shetani ananinong'oneza. Nibadilishe?*
*Mpiga picha, Ngamiani, Tanga*

Dada yangu, hizo advansi zirudishe kwenye pochi kwanza, halafu tuongee.

Swali lako lilinikuta vizuri. Jirani yangu hapa Mtaa wa Aggrey alikuwa nayo S25 Ultra moja ya kuonyeshea wateja. Nikaiomba toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, nikamwekea rehani mashine yangu ya kupigia hewa moto, maana hiyo ndiyo roho yangu na yeye anajua. Mke wangu anayo S23 Ultra kama yako. Jumamosi nikapanda pantoni kwenda Kigamboni na simu mbili mifukoni, Jumapili nikaenda nazo kwenye ndoa ya mpwa wangu Mbagala. Shemeji zangu walidhani nimekuwa tajiri.

Tuanze na kamera, kwani ndiyo inayokulisha. Kamera kuu ya simu zote mbili imeandikwa megapikseli 200, yaani nukta milioni 200 za picha. Usiku ukumbini hakuna hata moja inayokupa hizo 200. Zile nukta zake ni ndogo mno, kwa hiyo simu inachukua nukta 16 na kuzifanya moja ili zikusanye mwanga wa kutosha, na picha unayoipata ni ya megapikseli 12 na kidogo. Niliweka picha za keki ya mpwa wangu kutoka simu zote mbili kwenye kompyuta, nikamwita fundi mwenzangu achague. Akachagua ya mke wangu. Nikabadilisha mpangilio, akachagua ile nyingine. Kwa kamera hiyo kuu, dada, unalipia kitu ambacho tayari unacho.

Tofauti iko kwenye kuvuta. S23 Ultra ina lenzi ya mara tatu na ya mara kumi, zote za megapikseli 10. Sasa jiulize: wewe ukikaa nyuma ya meza ya kamati unamvuta bibi harusi mara ngapi? Sio kumi, utaishia kupiga pua. Ni mara nne, tano, sita. Na hapo katikati simu yako haina lenzi. Inachukua picha ya mara tatu na kuikata, uso unakuwa kama umepakwa uji. S25 Ultra imebaki na ile ya mara tatu, lakini ya mara kumi imeondolewa, mahali pake pamewekwa ya mara tano yenye megapikseli 50. Ukitaka mara kumi, inakata katikati ya hizo 50 na bado zinabaki zaidi ya 12.

Nilipokuwa Kigamboni nimesubiri pantoni ya kurudi, nilivuta mnara wa kanisa la Azania Front ng'ambo ya maji. Kwa mara kumi mchana kweupe simu ya mke wangu haikuaibika hata kidogo, vigae vya paa vilihesabika. Kwa mara tano ile mpya iliiacha mbali. Mbagala, wakati bwana harusi anafungua shela, nilikuwa mita kama 15 kutoka jukwaani, na kwa mara tano nilipata kope za bibi harusi. Nilisikia wivu kidogo, nakiri.

Lenzi pana nayo imepanda kutoka megapikseli 12 hadi 50. Utaiona faida kwenye picha ya ukoo mzima, ile ambayo shangazi wa pembeni kabisa huwa anageuka doa la rangi ya kitenge. Lenzi hiyohiyo ndiyo simu inayoitumia ukisogelea kitu karibu, kwa hiyo na hina ya mikononi inatoka vizuri zaidi. Kwa mpiga picha wa Tanga hina si jambo dogo.

Lakini kuna kitu mwenye duka hakukwambia. Kalamu ya S23 Ultra yako ina kitufe chenye bluetooth: unaweka simu kwenye stendi, unarudi nyuma, unabonyeza, inapiga. Kwenye S25 Ultra kalamu ipo ila bluetooth imeondolewa. Kama una mazoea ya kupiga picha za meza kuu kwa kalamu, ujue utarudi kwenye kuhesabu sekunde au kununua kirimoti.

Betri sasa. Hapa nilicheka peke yangu kwenye daladala. S20 Ultra ya mwaka 2020 ilikuwa na mAh 5,000, hicho ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri. Iliyofuata, 5,000. Yako, 5,000. Ya 2024, 5,000. Na hii ya 2025 ni 5,000, na chaji yake ya wati 45 ni ileile ya kwako. Kampuni nyingine zimesogea: simu ya OnePlus 13 ina mAh 6,000 kwa kutumia betri za silikoni na kaboni, ambazo hubeba umeme mwingi zaidi katika unene uleule. Aliyekwambia mbingu na ardhi alikuwa anasoma boksi la simu nyingine.

Kilichobadilika ni chipu kuwa na matumizi madogo. Jumapili nilitoa simu kwenye chaji saa mbili asubuhi ikiwa imejaa. Video za kanisani, video za ukumbini, ramani ya kutafuta ukumbi wenyewe, simu za shemeji zisizo na idadi. Saa nne usiku ile mpya ilikuwa na asilimia 27. Ya mke wangu ilizima saa moja na nusu, bibi harusi akiwa mlangoni anasubiri wimbo wa kuingilia. Hata hivyo sitaki ukimbilie hitimisho: ile ya mke wangu betri imeshazeeka. Betri ya lithiamu inachokeshwa na joto na kukaa imejaa muda mrefu, na mke wangu huichaji usiku kucha chini ya mto. Ya kwako nayo, kwa kazi hiyo, itakuwa inaelekea hukohuko. Fungua programu ya Samsung Members, ingia kwenye uchunguzi wa simu, angalia inasemaje kuhusu betri. Ikiwa imechoka, weka betri halisi kwa fundi anayejua kurudishia gundi ya kuzuia maji. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya pesa unayotaka kumpelekea yule bwana.

Na kama chaji inasuasua, usiilaumu simu kabla ya kuangalia waya. Wati 45 zinataka kichwa cha wati 45 na waya wa ampea 5. Wengi wanaokuja hapa wana kichwa kizuri na waya wa kuokoteza.

Kasi sitaimalizia kurasa. Chipu ya S25 Ultra, Snapdragon 8 Elite, ni farasi kweli, na ndani wamelipanua bamba la kupoza joto. Nilitoa video ya dakika nne ya 4K kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, kwa simu zote mbili kwa pamoja; mpya ilimaliza nikiwa katikati ya kikombe cha kahawa, ya zamani nilipofika kwenye masimbi. Kwa mtu anayepeleka kipande cha video kwa maharusi usikuusiku, hayo ni mapato. Kwa anayehariri kesho yake kwenye kompyuta, ni kahawa tu. Juani zote mbili zilipata moto na kupunguza mwanga wa kioo, na hakuna simu niliyowahi kuifungua isiyofanya hivyo kwenye joto la Dar la mwezi Machi.

Basi jibu langu: usibadilishe kwa pesa za watu. Badilisha betri, fanya hizo harusi mbili. Baada ya hapo, kama wateja wako wengi wanakuweka nyuma ya ukumbi, ile lenzi ya mara tano itajilipa, na simu yenyewe imeahidiwa masasisho ya miaka saba, wakati yako iliahidiwa mitano ya usalama. Kama una ruhusa ya kuzunguka hadi miguuni pa maharusi, miguu yako ndiyo lenzi.

Moja la mwisho, hujaliuliza lakini nimeliona kwenye video uliyonitumia: ile mistari myeusi inayopanda na kushuka ukutani. Si ugonjwa wa kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za ukumbi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ingia kwenye video ya kitaalamu, chagua fremu 30 kwa sekunde, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) iweke 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwa taa za kawaida mistari itapotea. Taa za LED za rangi za DJ zina mambo yake, hizo jaribu kabla wageni hawajafika.

*Bro fundi, kuna jamaa hapa Moro ananiuzia S25 Ultra kwa bei ya kutupa, anasema imetoka Dubai. Nitajuaje kama si feki?*
*Kijana wa Msamvu*

Mdogo wangu, simu hii ilitoka ikiuzwa dola 1,299 Marekani. Bei ya kutupa imeshakujibu nusu.

Nusu nyingine: bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu simu hiyo ni aina gani. Usiishie hapo, maana namba inaweza kunakiliwa kutoka simu halali. Bonyeza *#0*#, Samsung halisi inafungua ukurasa wa vitufe vya kujaribia rangi, kipaza sauti, kioo. Feki nyingi zinakaa kimya. Kisha fungua kamera, vuta mara tano na uzibe lenzi za nyuma kwa kidole moja baada ya nyingine. Feki mara nyingi ina lenzi moja inayofanya kazi, nyingine ni vioo vya urembo. Na ufanyie hayo yote dukani mchana, sio stendi saa mbili usiku na jamaa anakuharakisha kuwa ana basi.

*Mwanangu aliyeko Oman anataka kuninunulia simu hiyo ya Ultra mnayoisifu. Mimi natumia WhatsApp, redio, na kuwapiga picha mbuzi wangu nikitaka kuwauza. Itanifaa?*
*Mzee wa Lindi*

Shikamoo mzee wangu. Itakufaa, lakini ni kama kununua lori la kwenda nalo msikitini. Mwambie akuletee ya daraja la kati yenye mAh 5,000, kioo kinachosomeka juani na spika yenye sauti. Chenji inayobaki iwe ya bati za banda la mbuzi. Ukiwapiga picha, wapige asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, na uchutame hadi usawa wa macho yao. Ukiwapiga kutokea juu wanaonekana wafupi na mnunuzi atakushusha bei.