Jibu: Mtoto wa wiki 3 analia kila akipelekwa nje bustanini

Salaam dada, na hongera. Umesema mtoto hulia kila ukimtoa nje na kumweka chini ya mwembe saa nne asubuhi, kigari umekifunika leso. Anza na hiyo leso: inazuia upepo, joto linajaa ndani. Iondoe, weka chandarua, mchana pia, kwani mbu wa homa ya dengi huuma mchana. Mguse kisogoni, akiwa na jasho au moto sana, mrudishe ndani umnyonyeshe, maji usimpe. Afadhali umtoe saa moja na nusu asubuhi, kivulini, dakika 15 zatosha. Halafu tazama matawi ya huo mwembe: majimoto, wale sisimizi wekundu wakali wa mitini, wakimwangukia watamuuma vibaya. Akipimwa joto akafika digrii 38, mpeleke hospitali papo hapo.